Geuza Upande wa Pili

Tulikwenda Issuna kuchukua sanduku la santuri tukaliuze. Mzee hakuwa na habari. Yeye alikuwa na sharti lake moja tu: kila santuri ipigwe pande zote mbili.

Nisiwafiche, wapenzi wasomaji. Alfajiri ile ya Agosti tulipopanda basi stendi ya Mbezi, mimi na mume wangu tulikuwa siku ya nne tunachuniana. Yeye dirishani na hedifoni zake, mimi pembeni yake na za kwangu. Kila mtu na simu yake, kila mtu na muziki wake. Chalinze ikapita, Morogoro ikapita, Dodoma tukala chipsi bila kuangaliana usoni.

Ugomvi wetu ulikuwa wa pesa. Mwezi wa tatu kazini kwake walipunguza watu, naye akawamo. Tangu siku hiyo mshahara ndani ya nyumba ukawa mmoja, wangu. Kodi mimi, ada ya mtoto mimi, luku mimi. Mwanzoni nilikuwa nasema "usijali, mume wangu". Baada ya miezi mitano nilikuwa nasema maneno mengine, na mengi si ya kuandikwa kwenye gazeti la watu wenye heshima zao.

Ndipo akakumbuka sanduku la baba yake. Mtandaoni alikutana na mzungu mmoja anayekusanya santuri za zamani za Afrika Mashariki, akamtumia picha alizopiga kijijini sikukuu moja. Jibu likaja siku hiyohiyo: kwa sanduku zima, shilingi milioni mbili na nusu. Mimi ndiye niliyesema twende haraka kabla mnunuzi hajabadili mawazo.

Tatizo lilikuwa moja. Mzee hakuwa ameambiwa lolote. Si habari ya kuuza, si habari ya kazi.

Sanduku chini ya kitanda

Issuna ipo wilaya ya Ikungi, kando ya barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida. Ukishuka kwenye basi, kitu cha kwanza kukupokea ni upepo. Kitu cha pili ni mabua ya alizeti yaliyobaki shambani baada ya mavuno. Cha tatu, kwa bahati yangu, alikuwa baba mkwe mwenyewe, miaka 78, amesimama barabarani na kofia yake ya sikukuu.

Ujana wake wote mzee aliumalizia kwenye malori. Alianza kama utingo, akaishia kuwa dereva. Enzi hizo njia ya Singida ilikuwa vumbi tupu, na masika ikawa tope tupu. Wenzake walikuwa wakirudi kutoka Dar, Tabora au Nairobi na khanga na sukari. Yeye alirudi na khanga, sukari na santuri.

"Mmekuja kusikiliza muziki wangu?" aliniuliza huku akininyang'anya begi. "Mkwe, hakuna mtu aliyewahi kunifungia safari kwa ajili hiyo."

Kumbe mume wangu alimwambia kwenye simu kwamba tunakuja "kuziangalia zile santuri". Kuziangalia! Nilimtupia jicho, naye akainama kama anafunga kamba za viatu. Raba zake hazikuwa na kamba.

Baada ya ugali wa mtama, mlenda na kuku wa kienyeji, mzee alilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Santuri arobaini na tatu, nyingine kwenye makasha yake, nyingine zimefungwa kwenye magazeti. Akatoa na mashine ya kuzipigia, ya spika moja, sindano ameitunza ndani ya kiberiti. Akasema hapa kwake hakuna kurukaruka kama kwenye simu. Tutaanza mwanzo, na kila sahani itageuzwa.

Hiyo ni jazi gani?

Mimi, mtoto wa mjini, nikajifanya najua. Nikauliza kama kuna Miles Davis. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Tuelewane hapa, maana wengi tunachanganya. Ukikuta neno "Jazz" kwenye jina la bendi ya zamani ya Bongo, usitegemee kusikia muziki wa New Orleans. Marekani jazi iliingia kwenye santuri mwaka 1917. Huku kwetu neno lilifika likiwa na maana ya muziki wa kisasa, wa suti na tarumbeta, wa watu wa mjini. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na baada yake kila mji ukataka jazi yake: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz ya Tanga.

Mapigo yenyewe yalitoka kwingine. Mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilianza kuleta Afrika mfululizo wa santuri zenye herufi GV, na nyingi zilikuwa za muziki wa Cuba. Ya kwanza kabisa ilikuwa na wimbo El Manicero wa bendi ya Don Azpiazu. Wazee wetu wakasikia rumba ile wakajisemea, mbona kama ngoma yetu? Wakaichukua, wakaitia Kiswahili. Kwa hiyo mwaka 1959, wakati Miles Davis anatoa Kind of Blue kule New York, Dar es Salaam palikuwa panazaliwa Western Jazz, na wala hawakuwa wakimwiga. Walikuwa na safari yao.

Dakika tatu za Morogoro

Santuri ya kwanza aliyoiweka ilikuwa ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, yenye lebo ya Mzuri ya Mombasa. Ilikuwa ya aina ile nzito inayozunguka mara 78 kwa dakika, ambayo ukiiangusha inapasuka kama kigae. Mzee aliishika kwa viganja, vidole havigusi mistari.

Inasimuliwa kwamba Salum Abdallah, akiwa kijana wa Morogoro, alitoroka nyumbani kwenda Cuba kujifunza muziki. Aliishia Mombasa. Akarudi, na mwaka 1948 akaanzisha bendi na ndugu zake. Alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, akiwa bado kijana.

Nilichokisikia pale kilinishangaza kwa ufupi wake. Upande mmoja wa santuri ya aina ile hubeba kama dakika tatu tu. Mwimbaji hana nafasi ya kuzunguka. Anasalimia, anasema anachotaka, magitaa na saksafoni yanapita, kwisha. Kama meseji ya zamani ya simu, ile ya herufi chache: nakupenda, jibu upesi.

"Wakati huo nachumbia," mzee akasema. "Wimbo mfupi ulinitosha. Sikuwa na mengi ya kueleza."

Zikafuata santuri ndogo za kuzunguka mara 45. Hapa ndipo mzee aliponogewa. Akaweka Rosa ya Western Jazz, bendi ya Iddi Nhende, mtu wa kutoka Nzega. Wenyewe mtindo wao waliuita Saboso. Nikaanza kusikia tofauti: magitaa sasa yamekuwa mawili, matatu, yanapokezana kama watu wanaojua kuongea bila kukatizana.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, mzee alieleza, na mtu alichagua mtindo kama leo unavyochagua Simba au Yanga. Nuta Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa na Msondo, jina lililotoka kwenye ngoma. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa, wana mshahara na vyombo vya bendi ni mali ya chama. Fikiria hilo: mpiga gitaa anasaini mahudhurio.

Upande wa pili

Kisha akaja Mbaraka Mwinshehe. Mzee akakaa sawasawa.

Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1970 bendi ile ikaenda mpaka Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70 kule Osaka. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano yake mwenyewe. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa. Mzee anasema habari ilimkuta safarini, akaegesha lori kando ya barabara akazima injini.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, kwa hiyo bendi zilikuwa zikienda Nairobi. Na nyimbo sasa zilikuwa zimerefuka kuliko santuri. Dawa ikapatikana: wimbo mmoja unakatwa vipande viwili. Upande wa kwanza hadithi, upande wa pili muziki wa kuchezea. Katikati lazima mtu ainuke, aende akaigeuze sahani.

Mzee aliweka upande wa kwanza wa mojawapo. Mbaraka analalamika, sauti nene, taratibu. Ulipokwisha, mume wangu akanyoosha mkono aweke santuri nyingine.

"Bado," mzee akamzuia. "Upande wa kwanza umesikia mtu analia tu. Hujasikia magitaa yanavyomjibu. Vijana mnahukumu nusu wimbo."

Akaigeuza. Na kweli, magitaa yakamjibu. Yule aliyekuwa akilalamika sasa alikuwa anachezwa, na huzuni yake ikapata miguu.

Mimi nikajikuta nahesabu. Katika miezi mitano ile, mara ngapi mume wangu alianza kusema neno nikamkatiza kabla hajafika upande wa pili? Nilikuwa nayajua malalamiko yangu kwa moyo, mstari kwa mstari. Ya kwake sikuwahi kuyageuza.

Kanda isiyo na bei

Ilipofika saa nne usiku sanduku likaisha, na la mwisho kabisa lilikuwa Ukumbusho, mkusanyo wa nyimbo za Mbaraka uliotolewa Kenya baada ya kifo chake. Nikauliza, mbona hakuna Sikinde?

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Njia ya santuri ikafungwa nayo. Na DDC Mlimani Park, yaani Sikinde wenyewe, walizaliwa mwaka 1978, katikati ya ukame huo. Muhiddin Gurumo alitoka Juwata, ile iliyokuwa Nuta, akaja kuwaimbia, na Michael Enoch akaongoza muziki. Sehemu kubwa ya kazi zao bora zilirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nzima inaingia, inapiga kwa pamoja, kanda inazunguka. Madukani hukuzikuta. Ulizisubiri redioni.

Lakini kanda ilileta neema yake. Kanda haina haja ya kukata wimbo katikati. Nyimbo zikaenda dakika saba, nane, mwimbaji akapata nafasi ya kusimulia kisa kizima: barua, nyumba, wakwe, msamaha. Tazama tu majina: Barua Toka kwa Mama. Talaka ya Hasira. Fikirini Nisamehe. Hao si watu wa nakupenda jibu upesi. Hao wameshaoana, sasa wanaishi.

"Sikinde ninayo," mzee akasema, "ila siyo ya sandukuni. Ni ya mama yenu."

Akaleta kaseti moja, lebo yake imefutika. Mama mkwe alifariki miaka sita iliyopita. Alikuwa na tabia, mzee alisema, ya kukaa jikoni na redio kaseti, na wimbo anaoupenda ukianza tu anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja kuunasa. Mzee akaiingiza. Mkwaruzo, sauti ya mtangazaji ikimalizia, kisha magitaa.

"Huu unaitwa Usitumie Pesa Kama Fimbo," akasema mzee, bila kumwangalia mtu.

Wapenzi, nilisikia joto limenipanda toka shingoni hadi masikioni. Jina tu lilinitosha.

Halafu, juu ya ule wimbo, ikasikika sauti ya mwanamke. Redio ile ya mama ilikuwa ikinasa na kilichosemwa jikoni. "Wewe baba, njoo unywe uji, unapoa." Kisha mlango ukagongwa, kuku akalia, na mtoto mdogo akajibu kitu kisichoeleweka.

Yule mtoto alikuwa mume wangu.

Hakulia. Alikaa kimya mpaka wimbo ukaisha, mkono umefunika mdomo. Kisha akasema, "Baba, sina kazi tangu Machi. Tumekuja kuchukua santuri tuziuze."

Upepo ulikuwa unapiga bati. Mzee alichukua muda wake. "Kwa nini hukusema ulipofika?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nani?"

Mume wangu hakujibu. Ikabidi nijibu mimi, na ni sentensi ngumu kuliko zote nilizowahi kuitoa mbele ya mkwe. "Yangu, baba. Mimi ndiye niliyemfanya aone aibu. Nyumbani pesa nimeifanya fimbo kweli."

Tulichouza, tulichobakiza

Msidhani mzee alitukumbatia. Alituambia kwamba sahani ni mali, alizinunua kwa jasho la lori, na mali huuzwa mtu akikwama. Kilichomuuma ni kwamba tumekuja kama wezi wenye heshima. Akaenda kulala bila kutuaga.

Asubuhi tulimkuta barazani amezigawa mafungu mawili. Thelathini na mbili zikawa zetu. Kumi na moja zikabaki, pamoja na ile ya Salum Abdallah na zote za Mbaraka. Kaseti hakutaka hata tuishike. Alituruhusu kuirekodi kwa simu, mara moja, huku yeye ameishikilia mashine.

Mnunuzi alilipa pungufu, milioni moja na laki saba, kwa sababu zile alizozitaka zaidi hazikuwamo. Kabla ya kuzituma tulizipeleka kwa rafiki mwenye studio ndogo, akazinakili zote kwenye kompyuta, pande zote mbili. Pesa nilimwachia mume wangu. Kodi ya miezi mitatu ameilipa yeye, kwa mkono wake, na sikusema neno.

Bado hajapata ajira ya kudumu. Bado tunagombana. Lakini Ijumaa usiku, mtoto akishalala, hedifoni zinawekwa droo moja na tunapiga wimbo mmoja wa zamani kwa spika. Ukiisha ndipo mtu anasema lililomkaa moyoni wiki nzima. Mwenzake hakatizi. Kisha zamu inageuka. Mzee akipiga simu haulizi tunakula nini. Anauliza, "Wiki hii mmesikiliza ipi?"

Anzeni na hizi

Kama wewe na mwenzio mnataka kuijua safari hii ya jazi yetu, ifuateni kwa mpangilio. Nyingi zinapatikana mtandaoni.

1. Salum Abdallah na Cuban Marimba: mkusanyo Ngoma Iko Huku, nyimbo za 1955 hadi 1965. Sikilizeni Cuba inavyozungumza Kiswahili, na jinsi wimbo unavyokwisha upesi.

2. Western Jazz: Rosa. Msifuate maneno tu, fuateni gitaa moja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

3. Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano: Shida. Wa usiku ambao mambo hayajakaa sawa.

4. Mlimani Park: Neema, sauti ya Cosmas Chidumule, ambaye baadaye aligeukia muziki wa injili. Huu chezeni, jamani, hata kama sebule ni ndogo.

5. Marijani Rajabu na Dar International: Zuwena. Kama wazazi wenu wapo hai, wapigieni simu muwaulize walikuwa wapi wimbo huu ulipovuma. Mtashangaa.

6. Remmy Ongala na Super Matimila: albamu Songs for the Poor Man ya mwaka 1989. Hapa mwanamuziki wetu anarekodi Uingereza, kwenye studio ya kisasa, na bado anaongea na mtu wa Sinza.

Na kama kijijini kwenu kuna sanduku chini ya kitanda au kaseti isiyo na lebo, msisubiri msiba ndiyo mlifungue. Nendeni mwenye mali akiwa hai, na mwambieni ukweli mnapofika. Sisi tulichelewa kwa usiku mmoja, na mzee bado anatukumbusha.